Unasoma Kitabu Gani Siku Hizi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Mahoo, Taveta

 

Nimepewa nusu saa. Mwenyekiti ameniambia nikizidisha atagonga meza, kwa maana baada yangu kuna habari ya mbegu, na wengine wenu zamu yenu ya maji ya mfereji ni jioni hii. Basi nitaingia moja kwa moja.

Siku moja nilikuwa katika mkutano wa kikundi kimoja hapa kwetu, tumemaliza kuhesabu michango, nikauliza swali: kila mmoja atuambie anasoma kitabu gani sasa, na anakionaje. Kimya. Mtu angeweza kusikia kuku wakiparua nje. Halafu mama mmoja akasema, "Mwalimu, sisi ni watu wa jembe. Vitabu ni vya watoto." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Nami nikanyamaza, lakini nilijua si kweli. Huyo mama mwenyewe wiki ile nilimkuta shambani ameshika kikaratasi cha dawa ya nyanya, anakisoma mbele na nyuma, midomo inatembea, anatafuta mahali palipoandikwa ungoje siku ngapi baada ya kupiga dawa ndipo uchume. Je, huko si kusoma? Tena ni kusoma kwa maana, kwa sababu akikosea mtu atakula sumu.

Nikangoja. Mzee mmoja akakohoa akasema, "Mimi nasoma, lakini macho yamekwisha." Hapo ndipo mkutano ulipofunguka. Kumbe watu wanne watano waliosema hawasomi, waliacha kwa sababu ya macho tu. Nataka niliseme hili mapema, kwa kuwa ni jambo dogo na dawa yake ni ndogo. Mtu akifika miaka 40 na kitu, macho hupoteza nguvu ya kuona vitu vya karibu. Herufi zinacheza, mkono unasogeza kitabu mbali, mpaka mkono nao unakwisha urefu. Huo si ujinga uliorudi wala si uchawi wa mtu. Ni miwani ya kusomea inayotakiwa. Nenda ukapimwe kwanza, kwa sababu kuna magonjwa mengine ya macho yanayojificha humo. Lakini usikae miaka 20 ukidhani umesahau kusoma.

Na kabla sijaendelea, niwakumbushe mnakaa wapi. Mwaka 1895, misheni ya C.M.S. ya hapa Taveta, chini ya mmishonari Steggall, ilianza kutoa gazeti lililoitwa Taveta Chronicle. Ni moja ya magazeti ya kwanza kabisa katika nchi ambayo leo ni Kenya. Fikirini: reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado haijaanza kujengwa, na mji wa Nairobi haukuwapo. Nairobi hakuna, lakini Taveta kuna gazeti! (Kicheko.) Ni kweli liliandikwa kwa Kiingereza, na babu zetu wengi hawakulisoma. Linasimulia watu wa hapa, lakini maneno ni ya mgeni. Hilo nalo lina somo lake, nitalirudia nikipata nafasi.

Sasa niwaambie watu walisema wanasoma nini, maana orodha yenyewe ilinishangaza.

Biblia ilikuwa ya kwanza, kama mnavyoweza kukisia. Bibi mmoja anaisoma kwa mpango, sura moja kila alfajiri. Akasema anachokipenda ni Kitabu cha Ruthu, kwa sababu ni habari ya mwanamke na mama mkwe wake wasio na mume wala mali, wanaokota masuke kwenye shamba la mtu. "Hii ni habari ya mavuno," akasema, "mimi naijua." Nikamkumbuka yule mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Alitaka aisome Biblia mwenyewe, aone kama wahubiri wanaisema sawasawa. Mzee yule alifariki mwaka 2009, lakini swali lake ni zuri: nitajuaje kama ninachoambiwa ndicho kilichoandikwa? Liwekeni moyoni hilo swali, tutalihitaji baadaye.

Kijana mmoja akatoa simu yake akasema anasoma Siku Njema cha Ken Walibora, mara ya pili. Wengine hapa mlikisoma shuleni. Kilitoka mwaka 1996, na mwandishi wake alitutoka mwezi wa Aprili 2020. Ni habari ya kijana Kongowea Mswahili wa Tanga. Mama yake ni mwimbaji wa taarabu, anafariki, na mtoto anateswa na watu waliobaki naye, mpaka anafunga safari kuja Kenya, hata Kitale, kumtafuta baba ambaye hajapata kumjua. Yule kijana wetu akasema kitabu kimempa moyo, kwa sababu na yeye alilelewa na mama peke yake. Vizuri. Lakini akina mama hawakumwacha hivi hivi. Mmoja akauliza, "Huyo mama aliyezaa na kulea amepewa kurasa ngapi?" Kijana akafikiri, akasema si nyingi, anakufa mapema. "Na baba?" Baba anatafutwa kitabu kizima. "Ndiyo hiyo!" akasema mama. "Aliyekuwapo akifa basi, asiyekuwapo ndiye anayetafutwa." Wakabishana karibu nusu saa. Wengine walisema mtoto ana haki ya kujua alikotoka, wengine walisema mwandishi angetuambia zaidi habari za mama. Mimi sikuwaamua. Mpaka leo nikikutana na kijana yule ananiambia ameanza kukisoma mara ya tatu, anamtafuta mama.

Sasa sikilizeni: yule mama aliyeuliza hajui kusoma. Hakwenda shule hata siku moja. Kitabu alisimuliwa tu, lakini swali lake walikuwa hawajaliuliza watu wenye vyeti. Tangu siku ile tunamwita mkaguzi wetu.

Mzee mwingine, huyu ni mkulima wa ndizi, alikuwa na Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, nakala ya zamani, jalada limeshonwa kwa uzi. Kitabu hiki kilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki. Utubora ana kazi nzuri ya ukarani mjini Unguja, tajiri wake yuko tayari kumwongezea mshahara abaki, naye anakataa, anakwenda kijijini kushika jembe. Anapata amani na heshima. Nikamwuliza mzee anakionaje. Akasema, "Kiswahili chake kitamu, nakisoma kwa sauti nikiwa peke yangu. Lakini huyu Utubora hajapata kuuza nyanya." (Kicheko kirefu.) Mnacheka kwa sababu mnajua. Akaendelea kueleza: kitabu kinasema ukulima ni heshima, ni kweli, lakini hakituonyeshi siku ile soko limejaa, lori la mnunuzi liko barabarani, naye anataja bei ambayo haifiki hata gharama ya makreti, na wewe huna pa kupeleka, zinaoza. "Shaaban Robert alikuwa mtu wa heri," akasema mzee, "lakini hapa ametupunja."

Mimi jibu lile lilinifurahisha kuliko kama angesema kitabu ni kizuri akanyamaza. Kwa sababu sisi tulifundishwa shuleni kwamba kitabu hakibishwi. Mwalimu anauliza, "Mwandishi anatufundisha nini?" Hakuna aliyetuuliza, "Wewe unaonaje? Hapa kwenu ni hivyo?" Kwa hiyo mtu anakua akiogopa karatasi. Kitu kikishaandikwa kinakuwa kama amri.

Halafu mzee wa tatu, mpenda historia, akataja Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela. Ni kitabu kidogo cha mwaka 1934, kinasimulia watu waliokamatwa utumwani, wakaokolewa baharini, wakaletwa kuishi Frere Town kule Mombasa. Kwa sisi watu wa Taveta, ambao misafara ya biashara ilipita hapa kwetu na kupumzika, ni habari iliyo karibu. Yeye lalamiko lake lilikuwa kwamba mwandishi anashukuru mno. Kila Mwingereza ni mwema. "Mtu akikufungua kamba mshukuru," alisema, "lakini uliza pia walionunua pembe walikuwa akina nani." Sina la kuongeza.

Sasa nije kwenye kitabu kilichotuletea kelele. Mama mmoja aliyewahi kusaidia kama mhudumu wa afya kijijini alikuwa na Mahali Pasipo na Daktari. Wengi mnakijua. Kilianza kule milima ya Mexiko, mtu mmoja Mmarekani anaitwa David Werner alikuwa akiishi na wanakijiji, akaandika pamoja nao mambo ya kujitibu. Kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1977, na kimekwenda katika lugha zaidi ya 80 duniani, Kiswahili ikiwemo. Kwa habari ya usafi, chakula cha mtoto na hatari za kupiga sindano ovyo, sijaona kitabu kinachoeleza vizuri hivyo kwa lugha ya mtu wa kawaida. Pale kikundini tulisoma sehemu ya mtoto anayeharisha. Kinywaji cha nyumbani mnachokijua ni hiki: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko visijae kama mlima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Onja: kisipite chumvi ya machozi. Na kama zahanati ina pakiti za ORS na vidonge vya zinki, hivyo ni bora zaidi.

Hapo tulikubaliana wote. Tukageuza kurasa tukafika kwenye malaria. Nakala ile ilikuwa ya zamani, nayo inataja klorokwini. Mama mmoja akasema vizuri, basi tutafute klorokwini, ni rahisi. Kijana wa simu akasema, "Ngoja, hiyo si iliachwa?" Mwenye kitabu akakasirika kidogo, akasema kitabu kimeandikwa na madaktari, wewe ni daktari? Palikuwa na joto pale.

Tukatazama ukurasa wa mbele, tukaona mwaka wa kuchapishwa. Na ukweli ni kwamba wadudu wa malaria walikuwa wameizoea klorokwini, na Kenya iliiondoa isiwe dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Iliyowekwa badala yake nayo ikachoka, na mwaka 2004 serikali ikaamua kutumia dawa ya mseto, ile ya AL, ambayo ilianza kusambazwa mwaka 2006. Kwa hiyo nyumba yenye nakala ile na isiyokuwa na mtu wa kuuliza "ngoja", ingeweza kumpa mtoto mwenye homa dawa isiyoua wadudu, ikangoja apone, na malaria ya mtoto haingoji. Kitabu hakikudanganya. Kilisema kweli ya mwaka wake. Mwenye kitabu baadaye mwenyewe alichukua kalamu akaandika kwenye ukurasa ule kwa herufi kubwa: ULIZA ZAHANATI. Nadhani huo ndio uhariri mzuri kuliko wote niliopata kuona.

Basi, jamani, mkichukua kitabu chochote cha afya, cha dawa za shamba, cha sheria, kitu cha kwanza fungueni ule ukurasa ambao hakuna anayeusoma, mtazame mwaka.

Sasa kuna jambo ambalo nilikuwa sitaki kulisema, lakini nikilificha hamtaelewa kwa nini nazunguka na habari hizi za vitabu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi kimoja, si cha hapa. Tulitaka pampu ya maji. Akaja mtu na pampu na karatasi. Mkopo. Karatasi ilikuwa kurasa 6 kwa Kiingereza. Mwenyekiti akasema, "Katibu amesoma, mpe katibu." Nikaichukua. Nilisoma ukurasa wa kwanza, nikaona jina la kikundi limeandikwa sawasawa, tarehe ni sawa, bei ni ile tuliyoambiwa. Ukurasa wa pili ulikuwa na maneno mazito. Sikuyaelewa. Na akina mama 17 walikuwa wananitazama, nami ndiye mtu wa fomu foo, nikaona haya kusema sielewi. Nikageuza kurasa polepole kama mtu anayesoma, nikatikisa kichwa, nikasema iko sawa. Wakatia vidole kwenye wino mmoja baada ya mwingine.

Kwenye ukurasa wa nne iliandikwa kwamba mmoja akichelewa kulipa, wote wanadaiwa, na kila wiki ya kuchelewa inaongeza gharama juu ya deni lote, si juu ya kile kilichochelewa. Mvua ilikosa msimu ule. Tuliuza mbuzi. Mama mmoja aliuza mabati aliyokuwa amenunua kwa ajili ya nyumba, yalikuwa bado hayajapigwa msumari hata mmoja. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, wewe si ulisoma?"

Kikundi kile kilikufa. Sikulaumu karatasi wala mwenye pampu, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeandikwa pale. Kilichotuua ni kwamba watu 18 walikaa na maandishi mbele yao, mmoja akijifanya anajua na 17 wakiogopa kuuliza.

Nimefikiri sana tangu siku ile. Kuuliza juu ya karatasi ni kazi ngumu ikiwa hujapata kuuliza juu ya karatasi nyingine yoyote. Mtu haanzi kubisha siku ya mkataba, mgeni amekaa, soda zimefunguliwa. Lazima awe amezoea mahali pasipo na hofu. Na hadithi haina hofu. Katika hadithi, mama asiyejua kusoma anaweza kumkosoa mwandishi na hakuna atakayepoteza mbuzi.

Ngoja niwape mfano. Wakati Kidagaa Kimemwozea, cha huyo huyo Ken Walibora, kilichotoka mwaka 2012, kilipokuwa kitabu cha mtihani wa sekondari, binti mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akikisoma kwa sauti wakati mama yake na wenzake wakichambua maharagwe. Yeye alikuwa anafanya kazi ya shule tu. Lakini maharagwe yakisha, akina mama wanabaki. Kuna Mtemi Nasaba Bora, mtawala wa Sokomoko, amejipatia mashamba ya watu kwa hati za kughushi. Kuna mwalimu Majisifu, ameiba mswada wa kijana Amani akautoa kwa jina lake mwenyewe. Siku ya habari za hati, mzee mmoja aliyekuwa akipita akasimama, akasikiliza, akasema, "Huyo Mtemi mimi namjua." Wote wakacheka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na wake moyoni. Mambo ya ardhi hapa Taveta hakuna haja niwaeleze. Lakini mkaguzi wetu, yule mama, hakucheka. Akauliza, "Hati ya kughushi inajulikanaje? Mtu akiniletea hati mimi nitaangalia nini?" Binti hakujua. Mwalimu wake hakujua. Ikabidi tutafute mtu wa kutueleza kwamba kuna kitu kinaitwa kutafuta rekodi ya shamba kwenye ofisi ya ardhi, unalipa ada kidogo, unaonyeshwa shamba limeandikwa kwa jina la nani na kama lina deni. Wangapi hapa walikuwa wanajua hivyo? Mnaona. Swali lilitoka kwenye riwaya.

Na baadaye kidogo akaja mnunuzi wa ndizi na makubaliano ya maandishi, kurasa 2. Kikundi kikasema: soma kwa sauti, kwa Kiswahili, yote. Akasema ni jambo la kawaida tu, ni fomu. Wakasema tunapenda kusikiliza, tumezoea. Akasoma. Alipofika mahali panaposema ndizi zisizofaa hazitalipwa, mkaguzi akanyoosha mkono: "Zisizofaa kwa macho ya nani? Na zikikataliwa zinarudi kwetu au zinakwenda na lori?" Mnunuzi alikaa kimya kidogo, halafu akacheka. Ikaandikwa kwamba ndizi zitachambuliwa hapa hapa shambani, watu wetu wawili wakiwapo, na zilizokataliwa zinabaki. Mstari mmoja tu. Mama yule alitia kidole chake kwenye wino kama wale 17 wa zamani, lakini alijua anatia kidole kwenye nini.

Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimalizie na jinsi ya kufanya.

Si jambo jipya. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, mwaka 1973 walifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakisikiliza redio kila wiki, kiongozi akisoma kijitabu kwa sauti, halafu wanajadiliana na kuamua watafanya nini wiki ile. Vyoo vilichimbwa, vichaka vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Wengi wao ndio kwanza walikuwa wanajifunza kusoma, wengine hawakujua kabisa. Kilichohitajika ni msomaji mmoja, kijitabu kimoja, na watu wenye mdomo.

Mimi nashauri kila kikundi kitenge robo saa katika mkutano, baada ya michango na kabla ya mengineyo. Mtu mmoja aseme anasoma nini au anasomewa nini. Atusimulie kwa ufupi, asome kipande kwa sauti, kisha aseme yeye anakionaje, na wengine wabishe. Kisiwe kipindi cha kuwafanya watu waone haya. Mtu akiwa anasoma daftari la mtoto wake, au lile jarida la Mkulima Mbunifu ambalo jamaa wa Tanzania wanalitoa tangu mwaka 2011, hicho ni chake. Mama mmoja alileta Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, anasoma kifungu kimoja kila Jumapili jioni. Alipofika kifungu cha 35, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, alikwenda kwenye ofisi moja kuomba kuona orodha ya watoto waliopewa basari. Alirudishwa mara tatu. Mara ya nne aliandamana na watu sita na kile kitabu, na orodha ikapatikana. Na daftari la hesabu la kikundi chenyewe nalo ni kitabu. Lisomwe kwa sauti vile vile, na mweka hazina asiudhike.

Habari ya kuazimana. Hapa lazima niseme ukweli, watu wetu ni wagumu kurudisha. Niliazima mtu kitabu changu, nikaja kukikuta sokoni kimekuwa mifuko ya njugu. Nilinunua njugu ili nisome ukurasa wa 43. (Kicheko.) Kwa hiyo pawe na daftari: jina la kitabu, jina la aliyechukua, tarehe, sahihi au kidole. Sanduku la mbao lenye kufuli linatosha, liwekwe juu ya matofali kwa sababu ya mchwa. Kule Garissa tangu mwaka 1996 maktaba ya taifa ilikuwa ikipeleka vitabu kwa ngamia mpaka kwa wafugaji. Sisi hatuhitaji ngamia, tuna pikipiki kila kona.

Na nilisema nitarudia lile gazeti la Steggall. Yaliandikwa ya Taveta, na watu wa Taveta hawakuulizwa wanayaonaje. Kwa hiyo yanayosemwa katika hiyo robo saa yaandikwe na katibu, hata mistari mitatu. Kitabu fulani, mtu fulani alikiona hivi, mwingine alikataa kwa sababu hii. Baada ya mwaka kikundi kitakuwa na kitabu chake cha maoni, kwa maneno ya Mahoo.

Kwa kuanzia: Utubora Mkulima yule mzee amekubali kukiazimisha, lakini asipewe mtu anayekula akisoma. Siku Njema kijana anacho kwenye simu na nakala moja ya karatasi iko kwangu. Mahali Pasipo na Daktari kitabaki kwa mwenyewe, mwende mkakisome pale kwake, na mkumbuke ule ukurasa wenye kalamu. Uhuru wa Watumwa tunatafuta nakala ya pili, mwenye nayo atuambie. Mkaguzi wetu ameomba asomewe kitabu chochote ambacho mama hafi mapema. Anayekijua aje aniambie pale nje, nitakuwa karibu na mwembe.

Mwenyekiti, habari ya mbegu.